Marejeo ni ngamani: kurudi kwenye mchezo wa vita vya manowari

Rafiki yangu wa Buruburu aliteremsha katoni iliyokaa juu ya kabati miaka mingi, akakuta manowari zake ndogo za kuchezea zimevikwa rangi nene mpaka mizinga haionekani. Tulizirudisha mezani hivi.

1. Panga ulizo nazo

Usiagize kitu ng'ambo kwanza. Zitenge kwa kipimo, yaani mara ngapi meli imepunguzwa kutoka ile halisi. 1/1200 na 1/2400 hazikai meza moja. Kwa nyumba zetu za Nairobi natetea 1/2400. Königsberg, manowari ya Kijerumani (mzinga wake mmoja uko Fort Jesus), ilikuwa na urefu wa mita 115. Kwa kipimo hiki haifiki sentimita 5, na meza ya chakula inatosha kuwa bahari.

Meli za madini ya risasi zikiwa na unga mweupe, usizipige msasa, unga huo ni sumu. Vaa glavu, futa kwa kitambaa kibichi, na usizirudishe kwenye sanduku la mbao, kwa sababu mvuke wa mbao ndio unaozila.

2. Vua rangi

Thina sahau, inayeyusha plastiki. Nunua Dettol ya kahawia, ile ya kuulia viini, si sabuni yake. Imimine bila maji kwenye chupa ya jamu hadi meli zizame, funika, acha usiku kucha. Rangi ya enameli ni ngumu, ipe siku mbili. Meli za rezini jaribu moja kwanza, maana nyingine hulainika.

Sasa hapa soma mara mbili: usiikimbize meli kwenye bomba! Maji yakikutana na Dettol kabla rangi haijatoka yote, rangi hugeuka ulojo unaonata kama chingamu, ukajaa kila mwanya, na mswaki ukawa unauhamisha tu kutoka omo hadi tezi. Sugua ukiwa umelowesha mswaki mkuukuu kwa Dettol ileile. Kisha chovya meli kwenye Dettol safi, sugua tena, futa kwa tishu. Tishu ikitoka bila rangi, ndipo maji na sabuni ya vyombo. Kona zilizo nyuma ya vibanda vya mizinga tumia kijiti cha meno; pini huchora madini. Mizinga yenyewe sugua kuelekea ncha, ukirudi nyuma itapinda. Fanyia roshani na glavu mkononi, la sivyo nyumba itanuka wodi hadi Jumatatu.

3. Rangi mpya

Praima (rangi ya kwanza ya kushikia nyingine) ya kopo ya magari, Kirinyaga Road imejaa, inafaa meli za madini. Plastiki usiipulizie, itaharibika. Juu ya praima kijivu, rangi nyeusi iliyozimuliwa kwenye mianya, basi.

4. Bahari

Kitambaa cha buluu kutoka Biashara Street, kisicho na maua wala mawimbi ya kuchapwa.

5. Pambano la kwanza

Usianze na Jutland, pambano la 1916 la Waingereza na Wajerumani, meli kama 250 zitakuchosha kabla ya chai. Anza na River Plate, pambano la baharini karibu na Amerika Kusini, 13 Desemba 1939, meli nne tu. Graf Spee ya Wajerumani ina mizinga 6 ya milimita 280. Za Waingereza ni tatu: Exeter 6 ya milimita 203. Ajax na Achilles 8 ya milimita 152 kila moja. Sentimita 1 iwe mita 200, na kila mzunguko dakika 3. Meli inayokwenda maili za bahari 28 kwa saa itasogea sentimita 13. Anzeni mkiwa sentimita 85 mbali.

Waingereza waligawanyika pande mbili, kwa hiyo mwenye Graf Spee ana kazi: amwage moto wa vibanda vyote vya mizinga kwa Exeter, au kila kibanda kiwe na shabaha yake? Kila mtu aandike amri yake kwenye karatasi kabla meli yoyote haijaguswa. Wanaosogeza kwa zamu wanampa wa mwisho ushindi wa bure, na mimi mezani kwangu siruhusu.