Kabla Hujakimeza Hicho Kidonge

Saa tatu usiku, kesho yake ni mbio, msichana wetu wa mita 1500 aligonga mlango wangu. Pua imeziba, macho mekundu, na kiganjani ana vidonge viwili vya mafua alivyopewa na mwenzake wa chumba. "Dada, hivi vina neno?"

Vilikuwa vimekatwa kutoka kwenye karatasi yake. Kasha halipo, na kwenye foili zimebaki herufi tatu tu za jina. Nikamwambia avitupe. Akaninunia, nami nikampa maji ya chumvi ya kusafishia pua, akaenda kulala akipumulia mdomo. Mpaka leo sijui vidonge vile vilikuwa na nini. Hiyo ndiyo sababu pekee niliyohitaji ili kumkatalia.

Mimi ni muuguzi wa timu ya riadha. Watu hudhani kazi yangu ni kufunga bandeji, lakini muda wangu mwingi huishia kwenye maandishi madogo ya makasha ya dawa, nikitafuta vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Nitaeleza ninavyoyasoma ili nawe uweze kujisomea, maana siku nyingine hutakuwa na muuguzi mlango wa pili.

Kwanza elewa unabeba mzigo gani. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, zinasema kila kitakachokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukukusudia. Nia yako inaweza kupunguza adhabu, lakini matokeo ya shindano lile yanafutwa. Andreea Răducan wa Romania alikuwa na miaka 16 aliposhinda dhahabu ya jimnastiki ya jumla kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Daktari wa timu alimpa dawa ya mafua yenye pseudoephedrine, kiambato cha kuzibua pua kilichokuwa marufuku wakati huo. Dawa ilitoka kwa daktari, ila medali iliyorudishwa ilikuwa ya mtoto. Kwa hiyo "daktari kanipa" si kinga, na "muuguzi kanipa" vilevile, nami ninajihesabu humo.

Sasa shika kasha. Lisahau jina kubwa la mbele, hilo ni la biashara. Geuza, utafute viambato, na uviandike vyote kama vilivyochapishwa, herufi kwa herufi. Dawa za mafua huwa na viwili, vitatu, na anayekuponza mara nyingi ni yule wa mwisho mwisho. Usiseme "hii naijua, naitumia nyumbani" ukiwa ugenini. Mtelezaji wa theluji Alain Baxter wa Uingereza alipoteza shaba ya Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 kwa kifaa cha kuvutia puani cha chapa aliyoizoea. Kilichouzwa Marekani kilikuwa na kiambato ambacho cha kwao hakikuwa nacho.

Ukishapata majina, nenda kwenye orodha ya WADA ya mwaka huu. Narudia, ya mwaka huu. Toleo jipya huanza kutumika Januari 1, na mambo hubadilika kweli. Pseudoephedrine hiyohiyo iliondolewa mwaka 2004, ikarudishwa 2010 kwa kiwango: siku ya shindano mkojo usizidi mikrogramu 150 kwa mililita. Meldonium, dawa ya moyo, iliingia Januari 1, 2016, na mwezi huohuo mcheza tenisi Maria Sharapova akakutwa nayo baada ya kuitumia miaka mingi bila kosa. Tramadol, ya maumivu, imepigwa marufuku mashindanoni tangu 2024. Kwangu karatasi ya mwaka jana ni ya kufungia viatu.

Orodha isome kwa maswali manne. Ni marufuku wakati wote, au wakati wa shindano tu? Kipindi cha shindano kwa kawaida huanza saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia siku yenyewe, si mlio wa bastola. Je, mchezo wako umo? Atenolol ya shinikizo la damu haina tatizo kwa mkimbiaji wa marathoni, lakini mlenga shabaha haruhusiwi hata akiwa mazoezini, kwa sababu inatuliza mkono. Tatu, inaingia mwilini kwa njia gani? Hapa ndipo ninapogombana na watu. Dawa za jamii ya kotisoni zikiwa krimu ya ngozi au za kuvuta kwa pumu zinaruhusiwa kwa vipimo vyake. Zikiwa vidonge au sindano, ikiwemo ile ya goti, ni marufuku kipindi cha shindano. Nyingine hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo uliza kabla sindano haijachomwa. Nne, kiasi gani? Salbutamol ya pumu mwisho ni mikrogramu 1600 kwa saa 24, tena zisizidi 600 ndani ya saa nane zozote.

Usipoliona jina kwenye orodha, usishangilie bado. Makundi mengi yana kifungu kinachojumuisha vitu vyenye muundo au athari zinazofanana, na dawa ambayo haijaidhinishwa popote kwa matibabu ya binadamu ni marufuku moja kwa moja. Tovuti ya Global DRO husaidia kwa dawa zinazouzwa katika nchi kadhaa. Chapisha jibu lenye tarehe na namba yake, ulihifadhi. Kama dawa yako haimo, iandikie mamlaka ya taifa lako inayosimamia marufuku hizi, na jibu ulitake kwa maandishi.

Virutubisho vya ziada tovuti hiyo haivigusi. Mimi pia nakaribia kutovigusa. Kopo lililoandikwa "asilia" halinipi taarifa yoyote. Ukishindwa kabisa kuacha, tafuta lenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, hakikisha namba ya toleo lililopimwa ndiyo iliyo kwenye kopo lako, na ubakize kidogo bila kukimaliza. Alama hiyo hupunguza hatari tu.

Kama unaumwa kweli na dawa pekee iko kwenye orodha, usiache matibabu. Omba kibali cha matumizi ya tiba angalau siku 30 kabla ya shindano, pamoja na vipimo na barua ya daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini anakihitaji. Dharura ikitokea, utibiwe kwanza, kibali kinaweza kuombwa baadaye. Dripu nayo ni mtego: zaidi ya mililita 100 kwa saa 12 ni marufuku, isipokuwa katika matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu.

Ukiitwa kupimwa, kuna mtu atakayekufuata kila hatua. Mzoee. Chagua mwenyewe kifaa cha sampuli, ukague namba za chupa na kifuniko. Zinatakiwa mililita 90 za mkojo, zigawanywe chupa A na B. Usinywe maji kupita kiasi ukidhani unaharakisha mambo, maana mkojo ukiwa mwepesi mno utakaa palepale kutoa mwingine. Kijana wetu mmoja alikaa hadi saa sita usiku kwa kosa hilo, na basi likatusubiri. Kwenye fomu taja kila ulichotumia siku saba zilizopita, hata vitamini, hata krimu. Kama kuna jambo hukuridhika nalo, liandike kwenye nafasi ya maoni kabla ya kusaini. Nakala yako ichukue. Mimi zangu ninazo kwenye faili, pamoja na picha za makasha pande zote mbili.