Namna ya kujiandaa kwa picha ya mifupa na viungo

Mgonjwa anayetoka Mpwapwa au Kondoa kuja Dodoma mjini kupigwa picha ya goti hutumia nauli, siku nzima na pengine fedha za kuazima, kwa hiyo ni haki yake picha hiyo ijibu swali lililomleta. Kabla ya kutoka katika chumba cha daktari, hakikisha fomu ya kipimo inaeleza maumivu yalianza lini, yalianzaje na ni mahali gani hasa panapouma. Daktari anayesoma picha huenda asikuone kabisa, na maneno "goti linauma" hayamwambii kama juzi ulianguka kwenye bodaboda au umeteseka kwa miaka 5.

Kwa matatizo mengi ya mifupa kipimo cha kwanza ni eksirei, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895. Mfupa huonekana vizuri kwa sababu madini yake huzuia mionzi kuliko nyama inavyoizuia. Hata hivyo, picha moja haitoshi: mfupa uliovunjika unaweza kuonekana umenyooka ukitazamwa kwa mbele, kumbe ukitazamwa kwa ubavu umepinda, ndiyo maana hupigwa angalau picha mbili za pembe tofauti. Goti linaloshukiwa kulika gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, lipigwe ukiwa umesimama, kama unaweza. Gegedu lenyewe halionekani kwenye eksirei. Daktari hulikadiria kwa nafasi iliyobaki kati ya mifupa, na upungufu wa nafasi hiyo hudhihirika pale uzito wa mwili unapoielemea. Usione haya kumkumbusha mpiga picha jambo hili.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba eksirei isiyoonyesha kasoro haimaanishi kwamba mfupa ni mzima. Ufa katika mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, huweza kujificha siku za mwanzo na kuonekana picha inaporudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Maambukizi ndani ya mfupa nayo huweza kuendelea kwa muda kama huo kabla eksirei haijaonyesha chochote. Kwa hiyo mtoto mwenye homa anayekataa kukanyagia mguu, hasa mwenye selimundu, asirudishwe nyumbani wala kupelekwa kukandwa kwa sababu tu picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Mzazi aombe, kwa heshima lakini bila kusita, damu ipimwe na kipimo kingine kifikiriwe.

Kipimo hicho kingine hutegemea kinachotafutwa. Ultrasaundi huonyesha maji ndani ya kiungo, kano zilizochanika, na nyonga ya mtoto mchanga ambayo sehemu yake kubwa bado ni gegedu. CT skani, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, hufaa kwa mivunjiko tata ya nyonga na pingili za mgongo. MRI, inayotumia sumaku badala ya mionzi, huona uboho, diski zilizo kati ya pingili na uti wa mgongo, na ina thamani kubwa pale kifua kikuu cha mgongo kinaposhukiwa. Kwa vipimo vikubwa wagonjwa wa kanda hii huelekezwa mara nyingi Hospitali ya Benjamin Mkapa, na ni vyema kufika na barua ya rufaa.

Siku ya kipimo, vua shanga, bangili na mkanda. Mwanamke mwenye ujauzito, au anayeuhisi, aseme mapema. Aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini amwambie mhudumu kabla ya kuingia chumba cha MRI. Mionzi ya picha ya kiganja au unyayo ni midogo kuliko ile ya asili tunayoipata sote kwa siku moja. Ya CT skani ni mingi zaidi, hivyo isiombwe bila sababu.

Mwishoni chukua picha pamoja na ripoti yake, uje na za zamani pia, kwani daktari wa mifupa hutambua mengi anapozilinganisha.