Somo: Namna ya kubadilisha utaratibu wa kazi katika kikundi, ushirika au ofisi (soma lote kabla ya kuuliza)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Swali hili naulizwa kila siku, na kila siku ni lile lile: "Tumeamua kubadilisha namna ya kufanya kazi, wanachama wamekubali, lakini hakuna anayefanya. Tufanyeje?" Leo naandika kwa urefu mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa. Mifano yangu mingi ni ya vikundi vya mwani vya huku Pemba, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ofisi, skuli na duka la ushirika zinapita njia hizi hizi.

HATUA YA 1. Andikeni sentensi mbili: nini kinabadilika, na nini kinabaki kama kilivyo. Hiyo ya pili husahauliwa, na ndiyo inayotuliza nyoyo.

HATUA YA 2. Andikeni nani atapoteza nini.

Msianze na faida. Faida mnazijua, ndizo zilizokufanyeni mfikirie mabadiliko. Chukueni karatasi, muandike jina la kila atakayeguswa, na mbele ya jina kile atakachokikosa.

Tuseme kikundi kinataka kuhamisha mwani kutoka pwani kwenda maji ya kina. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, na mpaka leo wakulima walio wengi ni wanawake. Kuna aina mbili za mwani tunazolima, kotonii na spinosamu. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini maji ya pwani yakipata joto inaugua na kukatika. Spinosamu inastahamili zaidi, ila bei yake ni ndogo. Basi anakuja mtaalamu na hesabu yake: pelekeni kamba za kufungia mbegu za mwani kwenye kina, huko maji hayachemki, kotonii itaota. Hesabu ni sahihi. Sasa rudi kwenye majina. Kuna mama mtu mzima, hajui kuogelea. Miaka yote maji yakitoka anakwenda shambani kwa miguu na jirani zake, anafunga mbegu zake, anarudi kwa wakati wake. Kwenye kina atahitaji chombo, na mwenye chombo ni mwanamme. Kazi iliyokuwa yake inageuka kuwa kazi ya kuomba apelekwe. Huyu akisema "mie mambo mapya siyataki", usimwite mkaidi. Amepiga hesabu yake, na yeye pia yuko sahihi.

Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyetoka Ujerumani akahamia Marekani, alilieleza hili katika maandishi yaliyotoka 1947, mwaka aliofariki. Alisema desturi ya kundi inakaa pale ilipo kwa sababu nguvu zinazosukuma na nguvu zinazozuia zimelingana. Ukizidisha kusukuma, mtasogea lakini mvutano utapanda. Ukipunguza kinachozuia, mtasogea na mvutano utashuka. Kumhutubia yule mama kuhusu bei ya kotonii ni kusukuma. Kumtafutia jaketi la kuokolea, kumfundisha kuogelea pamoja na wanawake wenziwe, au kumpa kazi ya nchi kavu ya kufunga mbegu na kuanika, kwa fungu lililoandikwa na kutiwa saini, huko ni kuondoa kizuizi. Mkitoka na jambo moja tu katika somo hili, toka nalo hili.

HATUA YA 3. Pita kwa mtu mmoja mmoja kabla ya mkutano.

Hapa ndipo tulipoanguka sisi, kwa hiyo nitakaa hapa. Tuliitisha mkutano, tukaeleza vizuri, tukauliza, "Kuna mwenye neno?" Kimya. Mwenyekiti akasema tumekubaliana, dua ikasomwa, watu wakatawanyika. Kamba mpya zikabaki ghalani. Hakuna aliyezikataa, na hakuna aliyezichukua. Sisi watu wa visiwani hatumpingi mtu mzima mbele za watu, tena wageni wakiwepo ndiyo kabisa. Aliyesema "inshaallah, tutaona" huku anaangalia chini ameshakujibu, ila jibu lake linataka kufuatwa nyumbani. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi nenda kwa kila mtu, alasiri, kazi zikishapungua. Usiende na daftari wala fomu. Uliza swali moja: "Wewe hili litakukwaza wapi?" Kisha sikiliza. Usimjibu pale pale, maana ukimjibu anajua umekuja kumshinda, na kilichobaki kifuani hatokitoa.

Tahadhari za hatua hii, na hakuna hata moja ya kurukwa:

Anza na wenye shaka. Ukianza na wanaokuunga mkono, habari itafika kwa wengine kabla yako, nao watajiona wametengwa.

Usizungumze na mume kwa niaba ya mke. Mwanachama ni mke.

Usiahidi chochote ambacho kamati haijakipitisha.

Uliyoambiwa faraghani usiyataje mkutanoni kwa jina. Sema "nimesikia wasiwasi kuhusu chombo", inatosha.

Na kubwa zaidi: kama uamuzi umeshafungwa juu, usijifanye unakuja kutaka shauri. Watu wanalijua hilo kabla hujavua viatu mlangoni. Sema wazi, "Hili limeshaamuliwa, lakini namna ya kulifanya bado liko mikononi mwetu." Wengi wataupokea ukweli huo. Kuulizwa kwa kuzugwa hawakusahau.

HATUA YA 4. Chagueni wakati. Si bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali sana, wanawake wako baharini. Si msimu wa karafuu. Si Ramadhani. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki mbali, ndiyo siku za kukutana.

HATUA YA 5. Mkutano wenyewe uwe mfupi: zile sentensi mbili, kisha mliyorekebisha baada ya kuwasikiliza watu.

HATUA YA 6. Jaribuni kwa wachache walioomba wenyewe. Mmoja wao awe mwenye shaka anayeheshimika. Neno lake likigeuka, lina uzito kuliko la mtaalamu.

HATUA YA 7. Kipindi cha katikati. Mwanzoni kazi itapungua, kwa sababu mikono haijazoea. Lisemeni hili mapema, la sivyo mavuno mabaya ya kwanza yatachukuliwa kuwa ushahidi kwamba njia mpya haifai. Kwa ofisi zinazotoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta: wekeni tarehe ya kulifunga daftari na muibandike ukutani. Bila ya tarehe, karani atafanya kazi mara mbili, atachoka, na atabaki na lile alilolizoea.

HATUA YA 8. Yaingizeni mabadiliko kwenye katiba ya kikundi, na mwanachama mpya afundishwe njia mpya tu.

MASWALI

Kijana wa Chake: Somo refu sana. Kwa ufupi tunaanzia wapi?

Jibu: Hatua ya 1.

Meneja: Wafanyakazi wangu ni wavivu tu, hawapendi mabadiliko. Niwatishie kuwakata mshahara?

Jibu: Hukusoma hatua ya 2. Andika majina yao na kitakachompotea kila mmoja, kisha rudi. Kabla ya hapo sina la kukusaidia.

Meneja: Nimeandika. Wanapoteza malipo ya saa za ziada.

Jibu: Basi si uvivu, bwana. Umewapunguzia kipato ukaita utaratibu mpya. Jadilini malipo kwanza.

Mpenda Kusoma: Maalim, ahsante. Kuna ushahidi wowote kwamba kuwashirikisha watu kunasaidia, au ni adabu njema tu?

Jibu: Swali zuri hili. Upo utafiti maarufu wa Lester Coch na John French, uliochapishwa 1948, katika kiwanda cha Harwood kilichoshona nguo za kulalia huko Marion, Virginia. Wafanyakazi walilipwa kwa kipande, na kila kazi ilipobadilishwa uzalishaji ulishuka na watu waliacha kazi. Wakagawanywa: kundi moja likaambiwa tu, jengine likatuma wawakilishi, na mawili yakashiriki yote kupanga kazi mpya. Katika lile lililoambiwa tu, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Yaliyoshiriki yote yalirudi haraka kwenye kiwango chao na kukipita.

Lakini usiishie hapo. French na wenziwe walijaribu jambo kama hilo katika kiwanda cha viatu Norway, wakachapisha 1960, na tofauti ya uzalishaji haikuonekana. Moja ya maelezo yao ni kwamba wafanyakazi wa kule walizoea kusema kupitia chama chao cha wafanyakazi, hawakuiona ile kuwa njia halali ya kushirikishwa. Mie nalichukulia hivi: ushiriki uwe kwa mlango ambao watu wenyewe wanautambua. Kama kwenu jambo hupita kwanza kwa wazee, usiruke wazee kwa sababu karatasi imesema "kila mtu apige kura".

Afisa Mradi: Tulifundishwa kwamba asilimia 70 ya mabadiliko hushindwa. Kwa nini tujisumbue?

Jibu: Idadi hiyo inarudiwa sana kwenye semina. Mark Hughes aliifuatilia, akachapisha 2011, na hakukuta ushahidi wa kuitegemeza. Usiwavunje watu moyo kwa namba isiyo na mizizi.

Mwalimu wa Skuli: Na zile hatua tano, kukataa, hasira mpaka kukubali? Mkufunzi wetu alizichora ubaoni.

Jibu: Hizo ni za Elisabeth Kübler-Ross, 1969, na zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokaribia kufa. Wengine ndio waliozihamishia makazini. Zinaweza kukukumbusha kuwa mwenzako ana huzuni. Hatari yake ni pale mwalimu mwenye hoja ya kweli kuhusu ratiba anapoambiwa "uko kwenye hatua ya hasira". Hapo umemnyamazisha, na hoja yake bado ipo.

Mkulima wa Micheweni: Mshika fedha wetu anakataa hesabu zisiingizwe kwenye simu. Nahisi anaficha kitu.

Jibu: Dada, usilitamke hilo bila ya ukaguzi. Daftari lile ndilo linalomfanya aulizwe na kuheshimiwa, na likiondoka huenda anaona na yeye ameondoka. Mfanyeni yeye awe wa kwanza kufundishwa, na yeye ndiye awafundishe wengine. Na hesabu zikaguliwe kila mwisho wa mwezi, za kila mwenye dhamana, si zake peke yake.

Mkulima wa Micheweni: Wengine wanaogopa benki kwa sababu ya riba.

Jibu: Hofu hiyo ni ya haki, ipewe jibu la haki. Ulizeni huduma za Kiislamu za benki kabla ya kufungua akaunti, na mwanachama mmoja asome masharti kwa sauti mbele ya wote.

Mama wa Kojani: Hapo kwenye kuogelea. Wanawake wazima wanafundishika kweli? Na mavazi yetu?

Jibu: Wanafundishika, bibi. Wafundishwe na mwanamke, mahali pa faragha, maji yakiwa ya kifuani na yametulia. Vazi liwe jepesi lisilofunga miguu, suruali na kanzu fupi. Anzeni kwa kuelea, mikono ikishika dumu tupu lililofungwa vizuri. Dumu ni la kujifunzia tu, kwenye chombo kila mtu avae jaketi lake.

Mama wa Kojani: Majaketi tununue ya kikundi au kila mtu lake?

Jibu: Ya kikundi, kwa vipimo vya watu wenyewe. Yaoshwe kwa maji baridi, yaanikwe kivulini, jua linakula kitambaa. Na jina la kikundi liandikwe mgongoni kwa kalamu ya wino usiofutika, ili chombo kikiazimwa majaketi yasiende nacho.