Kabla ya Kujaza Selform: Mambo ya Kuandaa Nyumbani Kwanza

Wanafunzi wengi wa Kidato cha Nne hapa Moshi huanza kuulizia tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita, wiki ile mwalimu anapotangaza kwamba selform, fomu za kuchagua tahasusi na vyuo, zinajazwa. Nashughulika na unasihi shuleni, na naomba niseme wazi: kufikia hapo sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika. Ilifanyika mwisho wa Kidato cha Pili, mtoto alipoacha Fizikia na Kemia kwa sababu rafiki zake wameacha, au kwa sababu mwalimu wa Kemia hakuonekana muhula mzima. Aliyeacha Fizikia hatasoma PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) wala PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia). Na kozi nyingi za vyuo vya afya nazo zimempita, maana stashahada ya utabibu na ya uuguzi zote zinadai ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kama una mtoto wa Kidato cha Pili, haya yanakuhusu wewe kuliko hata mwenye mtoto wa Kidato cha Nne. Na kama shule ya mwanao ina mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, ulioanza 2024, mazungumzo haya yanatakiwa yaanze mapema zaidi.

Jambo la kwanza ni ripoti za shule. Zitafute zote, za kila muhula, mzitandaze mezani wewe na mtoto. Usitazame wastani wala nafasi aliyoshika darasani. Fuata somo moja moja toka muhula wa kwanza hadi moko, mtihani wa majaribio. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani (NECTA), C inaanzia alama 45 na D inaanzia 30, na kwenda Kidato cha Tano kunahitaji angalau masomo matatu yenye A, B au C. Mtoto ambaye Biolojia yake imekuwa ikicheza kwenye 35 miaka miwili, huku Hisabati haishuki 60, ameshakwambia kitu, hata kama nyumbani mmeshazoea kumwita daktari. Msikilizeni.

Hapo hapo muangalie tahasusi inafungua nini na inafunga nini. Nimeshaona vijana wanaotaka uhandisi wakichagua EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) kwa kuwa ina Hisabati, wakasahau kwamba haina Fizikia, na uhandisi unataka vyote viwili. Anayetaka udaktari wa binadamu lazima apite kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwa anayepitia Kidato cha Sita, hakuna njia ya pembeni. Tangu 2024 orodha ya tahasusi imeongezeka hadi 65, na nyingine zinavutia kwa jina, lakini si kila shule inazifundisha. Ulizeni shule zipi zinayo hiyo mnayoitaka, na ziko mkoa gani.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi: mtoto akakae na mtu anayeifanya kazi hiyo. Si kuisoma kwenye simu, na si kusimuliwa na mimi. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akisema anataka maabara, basi, neno moja tu. Mama yake mdogo anafanya kazi kwenye maabara ya zahanati, akaomba ruhusa binti aje ashinde naye bila kugusa kitu. Aliporudi alinieleza vikopo vya mkojo na kinyesi vilivyopangwa mezani kila kimoja na namba yake, jinsi mama mdogo alivyosoma namba mara mbili kabla ya kuandika jibu, na miguu inavyouma kwa kusimama. Halafu akasema, "Mwalimu, bado naitaka." Kutaka kwa namna hiyo nakuamini. Na angesema haitaki, siku yake isingekuwa imepotea.

Akienda, aende na maswali yake kwenye daftari. Siku mbaya ya kazi hii inakuwaje? Ulianza na mshahara wa namna gani, na ulikaa muda gani bila ajira? Nani anaajiri, serikali au watu binafsi? Ungekuwa na umri wangu ungesoma nini? Watu wazima wa huku wanajibu vizuri sana wakiulizwa kwa heshima na mtoto aliyeanza na shikamoo. Tatizo ni kwamba hawaulizwi.

Kwa wanaotaka utalii, na ni wengi kwa kuwa mlima tunauona dirishani, ongezeni swali la msimu. Aprili na Mei mvua za masika zikishika, wageni hupungua, na kuna hoteli na kampuni za Arusha na Moshi zinazobaki na watu wachache kazini. Mwaka 2020 corona ilipofunga safari za ndege, wagumu waliozoea kupanda na mizigo ya wageni walikaa nyumbani. Simkatazi mtu. Waongozaji wazuri wanaishi vizuri na wanasomesha watoto. Nataka mtoto ajue tu kwamba fedha ya Agosti ndiyo itakayomlisha Mei.

Desemba nayo ina mambo yake. Ukoo mzima unapanda Rombo, Machame, Marangu, na jioni moja baba wakubwa na mashangazi waliotoka Dar wanamuita kijana aliyetoka kumaliza mtihani Novemba, matokeo bado, wanampangia maisha. Wanampenda, na pengine mmojawao ndiye atakayelipa ada. Lakini mzazi, kabla ya kikao hicho, zungumza na mtoto faragha ujue yeye anasemaje, halafu simama naye mbele ya wakubwa zako. Waombe kila mmoja amweleze kijana kazi yake yeye mwenyewe. Hukumu kuhusu maisha ya kijana isubiri kwanza.

Kuhusu vyuo, tumebarikiwa kuzungukwa navyo. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978. Mweka, chuo cha wanyamapori, kipo hapa juu tangu 1963. Kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, VETA Moshi, chuo cha mifugo Tengeru, chuo cha misitu Olmotonyi, Chuo cha Uhasibu Njiro. Nendeni mkaone karakana, mwombe mwongozo wa udahili, na mhakikishe kozi inatambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, kabla hamjatoa hata shilingi. Chuo si adhabu ya aliyefeli. Mwenye stashahada yenye GPA ya 3.0 na kuendelea anaweza kuomba shahada, ila vyuo vikuu huyaangalia tena matokeo ya Kidato cha Nne, kwa hiyo D ya Hisabati iliyopuuzwa inaweza kumsubiri mbele.

Fedha: ada ya Kidato cha Tano na cha Sita imefutwa toka 2022/23, lakini godoro, nauli ya kwenda mkoa wa mbali na vile vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga bado ni vya mzazi. Bodi ya Mikopo hukopesha wa shahada, na tangu 2023/24 pia stashahada za fani zilizoteuliwa. Itataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo.

Matokeo yakitoka, TAMISEMI, wanaopanga wanafunzi, hufungua mfumo kwa muda ili aliyetaka abadili tahasusi au chuo. Wengi wanakwenda kujaziwa steshenari. Hakuna ubaya, ila mtoto akae pale pale asome kila mstari kabla haujatumwa, namba ya simu na barua pepe ziwe zake au za mzazi, na nywila aiandike kwenye daftari lake. Za mwenye duka zikitumika, ujumbe wote utakwenda kwake.

Mwisho ni majina. Huku kwetu R na L zinabadilishana sana: cheti cha ubatizo kinasema Elisaria, cha kuzaliwa Elisalia, shuleni ameandikwa Elisaria lakini la babu limeachwa. Jina lililosajiliwa NECTA ndilo litakalochapwa kwenye cheti cha Kidato cha Nne. Chukua cheti cha kuzaliwa, nenda kwa mwalimu wa taaluma, mlinganishe herufi kwa herufi wakati usajili wa mtihani bado haujafungwa.