Ninavyofundisha madogo kuandika Kiingereza kwa faili moja la Google Docs na grupu la WhatsApp

Mimi nafundisha madogo waliomaliza la saba wanaosubiri fomu wani. Shida yao kila mwalimu wa hapa Bongo anaijua, miaka saba wamesoma kwa Kiswahili halafu Januari wanaingia darasani baiolojia, jiografia, hesabu, vyote Kiingereza. Kukariri sarufi peke yake hakuwavushi, inabidi waandike sana na ticha awaone wakiandika. Ndo mana napenda Docs, programu ya Google ya kuandikia ambayo wengi mnaandika faili moja kwa wakati mmoja na kila mtu anaona, tena ni maandishi tu so bando linaliwa kidogo, sio kama kufundisha kwa video.

Hatua ya 1. Fungua faili moja la darasa zima, weka jedwali, kila mtoto na mstari wake, na majina uyaandike wewe kabla hujawatumia. Ukiwaachia ukurasa mtupu wanaandikiana juu kwa juu, na asiyeingia kwa akaunti yake anatokea kama Anonymous na jina la mnyama, hutajua nani kaandika nini.

Hatua ya 2. Bonyeza Share, chagua Anyone with the link, halafu Editor. Ukiacha kwenye Viewer hawataweza kuandika. Linki irushe grupu la WhatsApp. Wengi wanatumia simu ya mama, kwa hiyo programu ya Docs ipakuliwe mapema na kipindi kiwe saa ambayo mzazi karudi, mimi naanza saa mbili usiku.

Hatua ya 3. Toa swali dogo la maisha yao. Mfano: sentensi tano kuhusu asubuhi yako ya leo, dakika 20. We kaa kimya uangalie. Unamwona dogo kaandika went, kafuta, kaweka goed, kafuta tena, na hapo unajua anajua kitu ila hajakiamini, jambo ambalo daftari lisingekuonyesha kamwe.

Hatua ya 4, na hii naomba uishike kuliko zote: usifute kosa ukaandika jibu lako. Ukifanya hivyo mtoto anaona sentensi safi, anafurahi, na kesho anarudia kosa lile lile. Shika neno lenye shida, weka koment, uliza swali.

Kuna mmoja aliandika "In the morning I hear hunger." Ametoka kwenye nasikia njaa, na kwa Kiswahili yuko sahihi kabisa! Nikamuuliza kwenye koment, njaa umeisikia kwa masikio? Akabadilisha, "I am feel hunger." Mwenzake akamjibu pale pale, toa am. Mwisho akaandika "I feel hungry" na hungry hakuipata kwangu, aliiona mstari wa jirani. Mwingine kaandika "My mother he sell fish", mana anauza yetu haisemi ni mwanamke au mwanaume. Nikauliza tu, mama ni he au she? Ile sell nikaiacha ya kesho. Koment mbili kwa mtoto zinatosha, ukimwaga kumi anafunga simu.

Hatua ya 5. Kila mtu asome mstari wa chini yake, ataje kitu kimoja kilichompendeza na aulize swali moja.

Hatua ya 6. Akishasahihisha, asome sentensi zake kwa voice note kwenye grupu. Fupi tu, nusu dakika.

Kuna siku dogo alifuta jedwali zima, grupu likajaa kilio. Usipaniki. Kwenye kompyuta nenda File, halafu Version history, chagua saa ya kabla halijafutwa, urudishe. Hapo hapo unaona nani kabadilisha nini, so naitumia pia kujua nani kaandika mwenyewe na nani kabandika aya nzima kwa mpigo.

Mkimaliza rudisha linki kwenye Viewer ili asiyehusika asiingie kuharibu, na namba za simu za watoto zisiwekwe kabisa humo ndani.