SOMO: Gari halipigi stata? Kagua rilei kabla hujanunua stata

Wiki iliyopita nililetewa hapa Kibirizi pikapu inayobeba chumvi kutoka Uvinza. Mwenyewe ameshabadilishiwa stata mara mbili, na bado kila alfajiri anatafuta vijana wa kumsukuma. Stata aliyokuwa nayo ilikuwa nzima. Nilipochomoa rilei, yaani swichi ndogo ya umeme inayopeleka umeme kwa stata, mguu mmoja ulikuwa umeota kutu ya kijani, na tundu lake kwenye soketi lilikuwa jeusi kwa kuungua. Inaniuma mtu akilipia stata kwa kosa la kitu chenye ukubwa wa kiberiti. Twende taratibu.

Kabla ya yote, vuta hendibreki, weka gia nyutro au P. Usilipuuze hili: gari likiwa kwenye gia, stata inalisogeza na wewe uko mbele ya boneti.

Hatua ya 1. Pima betri kwa mita, ikijaa inasoma volti 12.6 hivi. Washa taa kubwa, mtu apige stata. Taa zikififia sana, shughulika na betri na vichwa vyake. Zikibaki zinang'aa na stata iko kimya, umeme haufiki. Endelea.

Hatua ya 2. Fungua boksi la fyuzi, tafuta rilei ya stata kwenye mchoro wa kifuniko. Weka kidole juu yake ufunguo ukizungushwa. Ukihisi "tik", koili (waya uliosokotwa ndani ya rilei) inavuta, ila sahani za ndani zinazopitisha umeme zinaweza kuwa zimeungua. Uhisi usihisi, ibadilishe kwa muda na nyingine inayofanana, mara nyingi ya honi, baada ya kulinganisha namba na mpangilio wa miguu. Gari likiwaka, nunua rilei mpya ya ampea zilezile.

Hatua ya 3. Hapa wengi wanapita haraka, na ndipo ugonjwa wa pikapu ile ulipokuwa. Chomoa rilei, pima matundu ya soketi. Rilei nyingi zina namba 30, 85, 86 na 87. Tundu la 30 liwe na umeme wa betri muda wote. Kati ya 85 na 86, moja ni erthi. Jingine lipate volti 12 ufunguo ukiwa kwenye stata tu. 30 ikikosa, tafuta fyuzi kubwa au waya uliokatika. Upande wa koili ukikosa, fuata swichi ya ufunguo, kisha swichi ya gia au ya klachi. Vyote vikiwepo, unga 30 na 87 (linalopeleka umeme kwa stata) kwa waya mnene, sekunde moja tu. Stata ikizunguka, usiiguse, haina kosa.

Hatua ya 4. Pima rilei yenyewe: 85 na 86 mara nyingi husoma omu 50 hadi 120. Mita isipoonyesha omu zozote (OL), koili imekatika.

Pikapu ile nilitoa waya hasi wa betri, nikasafisha matundu kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme, nikabana kwa sindano kibati kilicholegea, nikaweka rilei mpya. Msasa mkali sikutumia, unakwangua ngozi ya juu ya bati na kutu inarudi upesi.

MASWALI

Mkuu, yangu inalia tik-tik-tik mfululizo. Nibadili rilei?
Hapana, kaka. Hiyo mara nyingi ni betri dhaifu au kichwa kilicholegea. Kaza na uchaji kwanza.

Fundi, shikamoo. Nimeachia ufunguo, stata ikaendelea kuzunguka. Nilifanyaje kosa?
Marahaba. Hujakosea, mara nyingi ni sahani za rilei zimegandana. Ikitokea tena, chomoa waya hasi wa betri haraka kabla stata haijaungua. Kama ukichomoa rilei stata bado inazunguka, kilichoganda ni solenoidi, swichi kubwa iliyo kwenye stata yenyewe.

Gari langu la zamani sioni rilei ya stata kabisa.
Baadhi ya magari ya zamani hayana. Umeme unatoka swichi ya ufunguo moja kwa moja hadi solenoidi. Pima waya mwembamba wa solenoidi mtu akipiga stata. Ukisoma volti 8 na betri iko sawa, mara nyingi swichi imechoka.