SOMO: Ruta imejisasisha na Wi-Fi imegoma? Pitia hapa kabla hujagusa kitufe cha riseti

Wakuu, habari za muda huu. Swali linalonifikia mara nyingi ni hili: "Jana mtandao ulikuwa safi, leo nimeamka hakuna kitu, na sijagusa chochote." Kweli hujagusa. Ruta nyingi zinazotoka kwa watoa huduma zinasasishwa kwa mbali na watoa huduma wenyewe, kwa mfumo unaoitwa TR-069, na kazi hiyo hupendwa kufanywa usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo ruta uliyoamka nayo si ile uliyolala nayo.

Famwea ni ile programu iliyokaa ndani ya ruta na kuiendesha. Sasisho linapoingia, programu inabadilishwa, lakini mipangilio yako ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu: jina la Wi-Fi, nenosiri, aina ya ulinzi, chaneli na mengineyo. Programu mpya inaanza kusoma mipangilio iliyoandikwa na programu ya zamani, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Ruta kufa kabisa hutokea mara chache sana. Kinachotokea zaidi ni kutoelewana.

Nasisitiza hilo kwa sababu yalinikuta. Mara ya kwanza ruta yangu ilipogoma nilichukua pini, nikaminya riseti, nikasubiri taa zizunguke, nikajiona fundi. Riseti ilifuta kila kitu, pamoja na jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa mtoa huduma) ambavyo aliyekuja kufunga ndiye aliyeviingiza kwa mkono. Karatasi yake sikuwa nayo. Nilikaa siku mbili bila intaneti nikipigiwa muziki kwenye simu ya huduma kwa wateja, na tatizo lenyewe kumbe lilikuwa la kubadilisha kitu kimoja kwenye ukurasa wa Wi-Fi.

Hatua ya 1: Iache imalize, halafu izime kweli

Kama taa bado zinapepesa kwa mpangilio usio wa kawaida, usichomoe. Huenda bado inaandika programu, na umeme kukatika katikati ya kuandika ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuiua ruta. Ipe kama dakika 15. Ikitulia, chomoa adapta kwenye soketi, hesabu nusu dakika, rudisha. Kama una modemu na ruta kama vifaa viwili, washa modemu kwanza, isubiri itulie, ndipo uwashe ruta.

Kuzima na kuwasha kwa menyu ya ndani si sawa na kuchomoa. Chomoa.

Hatua ya 2: Jua ugonjwa uko upande gani

Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanahangaika saa nzima na nenosiri la Wi-Fi wakati nyaya ya nje ndiyo iliyokatika.

Chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa kebo ya LAN, zima Wi-Fi ya kompyuta. Kama intaneti inapatikana kwa kebo, tatizo ni la Wi-Fi peke yake, pitia hatua ya 3 kisha nenda hatua ya 4. Kama hata kwa kebo hakuna, tatizo ni kati ya ruta na mtoa huduma, pitia hatua ya 3 kisha nenda hatua ya 5. Wa faiba waangalie kwanza taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa chako, na hapo famwea haina kosa. Piga simu kwa mtoa huduma.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hiyo ni dalili kwamba huduma ya DHCP ndani ya ruta, inayogawa anwani yenyewe, haifanyi kazi. Ukiona 192.168 na kitu, sawa. Sasa andika ping 8.8.8.8. Ikijibu, lakini tovuti hazifunguki kwa majina, umeshampata mgonjwa: DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba.

Hatua ya 3: Ingia ndani na upige picha kila ukurasa

Anwani ya kuingilia imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Isipokuwepo, ipconfig ile ile inakuonyesha kwenye mstari wa Default Gateway.

Hapa kuna mtego mdogo. Baada ya sasisho, kivinjari chako kinaweza kuwa bado kinashikilia kurasa za zamani za ruta, ukaona vitufe havibonyezeki au ukurasa mweupe. Fungua dirisha la siri la kivinjari, au tumia kivinjari kingine. Nenosiri la msimamizi likikataa, jaribu lile la kwenye kibandiko, maana baadhi ya masasisho hulirudisha la kiwandani.

Ukishaingia, toa simu, piga picha ukurasa wa WAN (upande wa mtoa huduma), wa Wi-Fi na wa LAN (upande wa nyumbani). Cha kuangalia sana ni aina ya muunganisho, jina la mtumiaji la PPPoE na namba ya VLAN (njia ambayo mtoa huduma ameitenga kwa intaneti yako) kama ipo. Wa ruta za laini ya simu, APN, yaani jina la lango la kuingilia intaneti ya mtandao wa simu. Nenosiri la PPPoE likionekana kama nukta tu, usiseme umelipata. Muulize mtoa huduma sasa, wakati bado huna haraka.

Hatua ya 4: Wi-Fi inaonekana lakini vifaa haviungi, au haionekani kabisa

Anza na aina ya ulinzi. Famwea mpya hupenda kukupandisha kwenye WPA3, iliyotoka mwaka 2018. Simu mpya zinaingia bila neno. Printa ya miaka minane iliyopita, kamera au balbu janja zinajua WPA2 tu, kwa hiyo zinabisha hodi mlango usiofunguka. Weka chaguo la mchanganyiko, WPA2/WPA3. Kikigoma, shusha hadi WPA2 yenye AES. Hapo hapo kuna kitu kinaitwa PMF, ulinzi wa ujumbe wa usimamizi. Kikiwa kimewekwa cha lazima, vifaa vya zamani vinakataliwa hata kama nenosiri ni sahihi. Kiweke cha hiari. Usishuke hadi WEP, ulinzi wa kizamani usiolinda kitu, hata kama printa inakulilia.

Pili, majina mawili kugeuka moja. Kama ulikuwa na jina la 2.4 GHz na lingine la 5 GHz, sasisho linaweza kuwa limeyaunganisha chini ya jina moja. Vifaa vilivyokuwa vinatafuta jina lililofutwa vitaendelea kulitafuta mpaka kesho. Yatenganishe, rudisha majina yale yale kwa herufi zile zile, kubwa na ndogo, na vifaa vitarudi vyenyewe.

Tatu, chaneli. Kwenye 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11, upana uwe 20 MHz. Chaneli 12 na 13 zinaruhusiwa nchi nyingi, lakini kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huenda kisizione kabisa. Kwenye 5 GHz, ikiwa ruta imejichagulia chaneli kati ya 52 na 144, hizo zinagawana masafa na rada. Kwa sheria ruta lazima isikilize kwanza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikisikia rada inahama. Ndiyo maana mtu anasema "5G inapotea yenyewe halafu inarudi". Weka 36 au 44, yataisha. Angalia pia nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio, maana ikibadilika na chaneli zinazoruhusiwa zinabadilika.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo na ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Hatua ya 5: Hakuna intaneti hata kwa kebo

Linganisha ukurasa wa WAN na taarifa za mtoa huduma. Mara nyingi PPPoE imegeuka kuwa DHCP, au namba ya VLAN imefutika. Kama mtoa huduma alikusajili kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa cha zamani na wewe uliinakili kwenye ruta, nakala hiyo nayo huenda imepotea.

Tatizo likiwa la DNS, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwa mkono.

Na kuna hili linalochanganya watu: baadhi ya tovuti zinafunguka vizuri, nyingine zinazunguka tu bila mwisho. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data. PPPoE inachukua baiti 8 kwenye kila pakiti, kwa hiyo MTU inatakiwa iwe 1492 badala ya 1500. Pima kwa ping -f -l 1464 ikifuatiwa na anwani. 1464 ukijumlisha na baiti 28 za vichwa ndiyo 1492. Ikipita, na 1472 ikikataa, umepata jibu.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo riseti

Hayo yote yakishindikana, na picha zako unazo, minya riseti ruta ikiwa imewashwa, kama sekunde 10 mpaka taa zibadilike. Kisha ingiza mipangilio upya kwa mkono. Usirudishe faili la nakala ulilohifadhi ukiwa na famwea ya zamani, kwani utakuwa umeurudisha ugomvi ule ule ulioukimbia.

Ikiendelea, pakua famwea kwenye tovuti ya mtengenezaji na uiweke upya, kwa kebo, si kwa Wi-Fi. Soma toleo la kifaa kwenye kibandiko, v1, v2 au v3. Jina ni moja lakini ndani zinaweza kuwa mashine tofauti kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo safi. Mimi Wi-Fi ipo, kila kitu kinaunga, ila kasi imeshuka karibu nusu, na kwa kebo pia ni hivyo hivyo.

Jibu: Kwa vile hata kwa kebo iko hivyo, achana na chaneli. Tafuta QoS, mpangilio wa kugawa kasi kwa kipaumbele. Masasisho mengine huiwasha na kuweka kikomo cha kasi cha kubahatisha. Pia QoS ikiwashwa, ruta nyingi huzima kile kichapuzi cha maunzi kinachopitisha pakiti, kazi yote inaangukia kwenye prosesa ndogo ya ruta. Izime, pima tena kwa kebo.

Swali: Ndugu mwalimu, nilipanga simu za watoto zikatwe intaneti saa 4 usiku. Tangu sasisho wanakesha, inakatika saa 7. Wamejua mbinu gani hawa?

Jibu: Wasingizie kingine, hili si lao. Tofauti ni saa tatu kamili, na tofauti ya saa kamili namna hiyo huwa ni ukanda wa saa. Ruta imerudi kwenye UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo kwako ikiwa saa 7, yenyewe inaamini ni saa 4. Nenda kwenye mipangilio ya mfumo, weka ukanda wako, hakikisha na NTP, huduma inayoletea ruta saa kutoka kwenye mtandao, imewashwa. Ukikuta tarehe ni ya mwaka 1970, ruta haijapata saa kutoka kwenye mtandao kabisa, anza na hatua ya 5.

Swali: Yangu inawaka taa ya umeme tu, inapepesa polepole. Anwani haifunguki. Imekufa?

Jibu: Usiizike bado, dada. Ruta nyingi zina sehemu ndogo ya kuanzia ambayo sasisho haliigusi. Ipe kompyuta anwani ya kudumu kwenye mtandao ule ule, mfano 192.168.1.10, chomeka kebo, shikilia riseti huku ukiwasha umeme, halafu jaribu kufungua 192.168.1.1. Baadhi zinakupa ukurasa wa uokoaji wa kupakia famwea, nyingine zinataka TFTP, njia ya kutuma faili kwa kebo. Namna hasa inatofautiana kwa kila modeli, kwa hiyo fuata maelezo ya mtengenezaji. Kama ni ya mtoa huduma, wapelekee waibadilishe. Sasisho lilikuwa lao.

Swali: Kwa usumbufu huu wote, si bora nizime masasisho moja kwa moja, au nirudi famwea ya zamani?

Jibu: Kurudi nyuma kwa wiki chache, ukisubiri toleo lililorekebishwa, sina ubishi nako, japo ruta nyingine zinakataa. Kuzima kabisa, hapana. Mwaka 2018 programu hasidi iliyoitwa VPNFilter ilikutwa kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi 54, hadi FBI ikaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Ilikuwa inaingia kwenye vifaa vyenye mapengo yaliyokuwa yanajulikana tayari. Mimi naacha sasisho liwe la kuniuliza kwanza, naliweka mchana nikiwa macho, baada ya kupiga picha zangu.

Swali: Nimefuata hatua ya 4. Printa imerudi baada ya kuweka PMF ya hiari, asante sana. Ila simu yangu mpya bado inakataliwa na ya mke wangu inaingia.

Jibu: Una kichujio cha MAC hapo, kile kinachoruhusu vifaa ulivyoviorodhesha tu? Simu za siku hizi zinatumia anwani ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao, na ukisahau mtandao na kuunga upya inaweza kuwa nyingine. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo kwenye simu, chagua MAC ya kifaa, au futa kichujio chote. Hakikulindi kama unavyofikiri.

Swali: Kilikuwepo kweli, nilikiweka mwaka juzi nikasahau. Nimefuta, imeingia.